Yosefu na Mzega Wake

Ijumaa, 2 Agosti 1974
Unga hakuna tena. Foleni ya bure, miguu inawaka. Nilirudi kwa njia ya dukani kwa Mzee Jivanji, anayefunga na kuhamia Dar. Nyuma ya marobota ya vitambaa nikaona ubao wa mninga uliochongwa: Bikira Maria juu ya punda, mtoto kifuani, Yosefu mbele. Wanakimbilia Misri. Sura zimetokeza, unazipapasa kama uso wa mtu. Na Yosefu kabeba mzega kama mpagazi wa Kinyamwezi: mti begani, furushi mbele, furushi nyuma. Mzee anasema aliuchonga katekista mmoja enzi za Mjerumani. Nimeununua. Sikumuuliza mtu.

Jumamosi, 3 Agosti
Saidi mwenyewe ameupigilia sebuleni. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Tulioana bomani, na siku ile hakuja mtu wa kwao wala wa kwetu. Mzega ulimchekesha. Eti huyu ni babu yake kabisa. Nina furaha ya kijinga. Naufuta vumbi hata pasipo na vumbi.

Jumatatu, 5 Agosti
Habari kutoka Ziba, kwao Saidi. Mama mkwe anakuja kukaa kwetu. Nyumba yake imevunjwa, watu wanahamishiwa kijiji cha Ujamaa, naye amekataa kuanza kujenga uzeeni. Hajawahi kukanyaga hapa. Tuna chumba kimoja na sebule. Atalala sebuleni, ataswali sebuleni. Mbele ya sanamu!

Saidi anasema si sanamu, ni ubao. Nikamwambia sanamu ni ubao wenye pua. Hatukucheka.

Alhamisi, 8 Agosti
Sili vizuri. Jana niliufunika ubao kwa kitenge cha zambarau. Jirani yangu Mama Rosa akachungulia, akauliza kama Kwaresima ya kufunika sanamu imehamia Agosti. Nilimchukia kabisa. Niurudishe dukani? Nyumba hii ni yangu pia. Lakini mama akikasirika, Saidi atabaki katikati, na mwanamume aliye katikati najua huangukia wapi. Kwa mama yake.

Nimekiondoa kitenge. Ninaogopa.

Jumapili, 11 Agosti
Mama mkwe alifika jana kwa basi. Shikamoo yangu ilitoka nusu. Marahaba yake ilikuwa nzima.

Leo niliporudi kutoka kanisani nikamkuta amesimama mbele ya ubao. Saidi akawahi: wapagazi wa zamani hao, mama. Mama akafurahi! Akasimulia baba yake alivyotembea hadi pwani na mzega begani, na mama yake nyuma na sufuria kichwani. Nikakaa kimya kama mwizi. Kisha akanigeukia mimi.

“Mkwe, na mwanamke huyu ni nani?”

Sikuweza kudanganya. Nikasema ni Mariamu, mama wa Yesu. Alishtuka, lakini si sana. Bi Mariamu wao Waislamu wanamheshimu, akasema, ingawa ukutani si mahali pake. Heri ningenyamaza hapo. Akauliza, na mwanamume je? Nikajibu haraka, kama mtoto wa katekisimu: Yosefu, mume wake.

“Mume! Bi Mariamu hakuwa na mume. Mnamsingizia!”

Sikulijua hilo, kwamba katika dini yao hakuolewa. Miaka yote na Saidi, sikulijua. Mama anasema kesho atahamia mtaa wa Ng'ambo kwa binamu yake. Saidi hasemi nami. Mjinga mimi.

Jumatatu, 12 Agosti
Nilifundisha vibaya shuleni. Niliporudi, mama alikuwa amekaa kizingitini, furushi limefungwa, anamngoja Saidi atoke kazini kwake relini ampeleke. Akienda, hatarudi. Na Saidi hatanisamehe, hata akisema amesamehe.

Nikakaa chini karibu naye. Sikuomba radhi, maana sikujua ya nini. Nilisema ninachokijua: watu walimsema vibaya Mariamu kwa ile mimba, na huyu Yosefu ndiye aliyembebea mizigo. Basi.

Halafu akauliza siku nilipoingia nyumba hii nani alinisindikiza. Nikasema hakuna, mama. Mimi na Saidi tu.

Akatazama chini. Saidi alipofika, mama alimwambia Ng'ambo ni mbali.

Jumanne, 13 Agosti
Asubuhi baridi. Nilimpisha chumbani kwetu, akaswali huko. Ubao uko ukutani. Hakuutaja, nami sikuutaja. Hajasema atakaa mpaka lini.

Nilipotoka kwenda shule akajitanda kanga, akachukua kikapu changu, akanifuata. Tulipita katikati ya mtaa wetu wote wa Isevya, watu wanatutazama, wanawake wanaacha kufagia. Kwenye njia panda nikamwambia inatosha, mama, nitafika.

“Twende tu,” akasema.