Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Iringa, Alhamisi, Julai 1977

Leo upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Julai unaopita katikati ya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Nimerudi nyumbani, nimepika ugali, nimeshindwa kuula. Nimejifunga khanga mabegani na bado natetemeka. Si baridi. Naogopa.

Baada ya chai ya saa nne Meneja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Kwenye meza ya dirishani kuna mashine ya teleksi iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, ambayo sote tulijua ni mbovu na inangoja vipuri. Akakifunua. Mashine ni nzima, taa inawaka, karatasi imejaa maandishi. Mlio wake tulikuwa tukiusikia siku zote, tukidhani ni mwangwi wa mashine yetu ya chumba cha pili.

"Kila mnachopiga ninyi, na kila kinachotoka Mbeya, hii nayo inakipiga hapa," akasema, mpole kabisa. "Nasoma tangu mwezi uliopita."

Niliitazama ile karatasi, nikayatambua maneno yangu.

Kazi yetu hapa shirikani ni kupigiana na Mbeya maagizo ya mbolea kwa maandishi. Magunia mangapi yamepakiwa, lori limekwama wapi. Lakini maagizo yakiisha laini hubaki wazi, na hapo ndipo mimi na Ambakisye, karani wa Mbeya, huanza yetu. Nani angeamini? Nilimwona mara moja tu, kwenye semina kule Mbeya. Tulikaa benchi moja siku nzima, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, anatazama viatu vyake. Nilipompitishia sukari alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, dada," basi. Nami sikumjibu kitu. Kesho yake, niliporudi Iringa, mashine ikaita: JANA NILITAKA KUKUAMBIA MENGI. Nikajibu: MIMI PIA.

Tangu hapo, mbele ya zile herufi, mimi si yule Imelda aliyelelewa na masista wa misheni ya Tosamaganga. Nina ulimi. Meneja alipotuhutubia juu ya kubana matumizi, mimi ndiye niliyepiga: ANABANA MATUMIZI HUKU LANDROVA YA OFISI INABEBA VIAZI VYAKE KUTOKA KILOLO. Ambakisye akajibu: AJE MBEYA NIMWAMBIE USONI. Meneja alikwenda Mbeya wiki iliyofuata. Ambakisye alijificha ghalani, akajifanya anahesabu magunia.

Tulicheka sana juu ya hilo. Kwa herufi.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mimi mdomo wangu haujawahi kumponza mtu, ni vidole.

Leo Meneja aliniwekea karatasi yenye habari ya viazi, akaigonga kwa kalamu. Nilijua yamekwisha. Kumbe bado, na afadhali yangekwisha. "Huyu ni Filemoni," akasema. "Mtoto wa misheni kama wewe hawezi kuandika upuuzi huu. Kesho mchana namwita, nawe utasimama useme umemwona akiandika."

Filemoni ni mwenzangu, tunapokezana kiti kimoja. Anaongea kuanzia getini mpaka kwenye kiti chake, hana siri, hana adabu ya kuogopa wakubwa. Kwa hiyo kila neno kali lililopita kwenye laini limekuwa lake. Ana watoto watano na wanaishi nyumba ya shirika. Akifukuzwa, wanatoka wote na magodoro yao.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nakuapia nilifungua. Kilichotoka ni, "Ndiyo, Ndugu Meneja."

Nilirudi chumba cha teleksi nikamkuta Filemoni anamenya kiazi cha kuchemsha. Akanikatia nusu. "Mbona umenuna hivyo, dada, umekula ndulele chungu?" Nikala kile kiazi.

Tangu saa ile nazunguka mle mle. Nikimnong'oneza Filemoni, atakwenda kugonga ule mlango kabla sijamaliza sentensi, na atafukuzwa kwa kelele badala ya kufukuzwa kimya kimya. Ambakisye naye yuko Mbeya, hajui kitu, anaendelea kujitia kitanzi kwa mbwembwe. Simu ya mbali iko mezani kwa Meneja. Njia pekee ya kumwonya ni mashine, na mashine inasomwa. Leo jioni aliita kama kawaida: UPO? YULE MZEE WA VIAZI HAJAMBO? Nikasikia ukutani ile nyingine ikiyarudia maneno yake. Nikajibu: LETA IDADI YA MAGUNIA. Lazima amedhani nimemkasirikia.

Na mama kule Kalenga anawaambia majirani kwamba mwanawe anaongea na Mbeya bila kufungua mdomo. Anaona fahari. Mshahara wangu ndio unaomnunulia dawa za kifua, na baridi hii ndiyo kwanza imeanza.

Nimewaza mpaka nimechoka. Nimegundua jambo moja tu, nalo linanitia aibu: kwa mdomo siwezi. Nikiitwa mbele yake kesho mchana, nitasema tena, "Ndiyo, Ndugu Meneja," na Filemoni atakuwa amesimama pale pale ananitazama.

Basi nisingoje mchana.

Saa tatu asubuhi Mbeya wataita, na Meneja amesema atakaa mwenyewe kwenye mashine yake. Kitini nitakaa mimi. Nitapiga hivi: NI IMELDA HAPA. HABARI YA VIAZI NILIANDIKA MIMI, SI FILEMONI. AMBAKISYE NYAMAZA, MENEJA ANASOMA. Hapo wote wawili watakuwa wamejua, kwa mpigo mmoja.

Kisha nitasikia ukutani mashine yake ikinirudia, herufi kwa herufi, na baada yake hatua zake zikija. Mlango utafunguka. Ataniuliza, na hapo sitakuwa na herufi za kunisaidia.

Nimejaribu sasa hivi, nimesimama peke yangu hapa jikoni mbele ya sufuria. "Ni mimi, Ndugu Meneja."

Sauti imetoka ndogo. Lakini imetoka.