Mzinga Unaofunguliwa Kulia

Fundi,

Kamwene. Karakana yako ya Makambako bado ipo, na funguo ninazo mimi. Mama, mkeo, alinikabidhi baada ya matanga. Mashine ya kukereza inalia vilevile asubuhi zenye baridi. Lakini sikukuandikia habari za mashine. Nimekuandikia habari za Eliudi.

Rafiki yako huyo mwenye nyumba ya wageni Njombe alilia msibani kuliko wafiwa. Akamwambia Mama, "Naazima ule mzinga mdogo wa shaba, shemeji, nikaupige picha ya kumbukumbu." Akaondoka nao. Miezi ikapita. Ndipo dereva mmoja wa lori akaniambia ameuona mapokezi kwa Eliudi, ndani ya kioo, na karatasi imeandikwa: "Kazi ya mikono ya Eliudi."

Nikazima mashine. Mzinga wetu wa meli ya kivita! Mfano mdogo, hauzidi urefu wa mkono wangu, wa ule uliouhudumia ujanani ulipokuwa baharia wa jeshi. Miaka minne, Fundi, bila kununua kipande hata kimoja kilicho tayari. Mtutu ulitoka kwenye ufito wa shaba wa valvu chakavu ya bomba kubwa la maji, gia zake kwenye koki na kufuli mbovu, vipimo kichwani mwako. Mimi bahari sijawahi kuiona, ila mzinga wa meli naujua skrubu kwa skrubu.

Unakumbuka nilipokata meno ya skrubu ya mlango wa nyuma, pale kombora linapoingizwa? Niliongeza gia moja kwenye mashine kwa kukosea, meno yakaja kinyume. Nililia. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Acha hivyohivyo, binti. Huu wataufungua wenyewe waliouunda."

Basi Jumapili, baada ya misa, nikapanda basi mpaka Njombe. Mapokezi palikuwa na wafanyabiashara wa mbao na walimu wawili, wanautazama mzinga. Eliudi aliponiona akawahi kuwaambia, "Huyu alikuwa anafagia chenga za shaba kwa marehemu." Nikampa shikamoo yake. Nikasema, "Baba, hebu waonyeshe wageni mlango unavyofunguka."

Akautoa kwenye kioo, akauzungusha mlango kushoto, kama mtu yeyote afunguavyo nati. Ukakaza. Akaongeza nguvu. Fundi, nilijua kile kimkono cha kuuzungushia mlango hakitahimili. Ndicho ulichokisugua kwa tupa wiki nzima huku macho yanakutoka machozi. Ningeweza kusema neno. Sikusema. Nilitaka kivunjike mkononi mwake, mbele ya watu, na kikavunjika.

Nikatoa koleo kwenye mkoba, nikazungusha kulia. Mlango ukafunguka. Mwalimu mmoja akamuuliza Eliudi, "Mzee, wewe hukujua?" Nikaufunga mzinga kwenye kanga yangu nikatoka nao, wala hakuna aliyenizuia. Furaha niliyokuwa nayo kwenye basi sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu.

Unisamehe kile kimkono. Ni hicho tu ninachokuombea radhi.

Kwa kuwa alikaza badala ya kufungua, Njombe sasa wanamwita Kaza. Sokoni Kaza, kanisani Kaza, hata watoto wa shule wakipita, "Kamwene, Kaza." Nasikia siku hizi anapita njia za nyuma. Mama anasema imetosha, nimwachie Mungu. Bado sijamwachia.

Pumzika, Fundi wangu. Kimkono kipya nitakitengeneza, na jina lako nitalichonga kwenye shaba yenyewe, si kwenye karatasi. Eliudi ametuma mtu kusema atakuja karakana kuomba msamaha. Nakuahidi nitampokea vizuri. Nitamfutia kiti, nitamsikiliza mpaka amalize. Kisha nitamwambia, "Nimekusikia, Kaza."

Binti yako wa karakana,
Neema