Mchaga Aliyezikwa Bila Kutaniwa

Manka, mtani wangu,

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukupa habari. Ya pili ni kuendeleza ugomvi wetu pale ulipoukatiza kwa kufa, njia ambayo hata kwa Mchaga ni ya mkato mno.

Habari kwanza. Huku ughaibuni majani yanapukutika. Miti ya mbele ya nyumba ya kutunzia wazee ulikofanya kazi, pale Seven Hills, imebaki matawi matupu, na baridi ya Mei imeshaanza kutung'ata asubuhi stesheni. Wewe uliondoka Januari, kwenye joto lile la kulainisha lami, kwa hiyo hii baridi hukuipata. Hukukosa kitu. Kazi yako ya kuwaburudisha wazee wamempa Espérance, yule dada Mrundi uliyekuwa ukimfundisha. Anaogopa kukosea, kwa hiyo anafanya kila kitu kama ulivyofanya wewe, pamoja na kupiga makofi mawili kabla ya kusema. Na wiki iliyopita aliandaa lile juma lako.

Juma la Vituko. Jumatatu kila mtu avae soksi zisizofanana. Jumanne kofia za ajabu. Jumatano chapati za maji zilizorushwa hewani kwanza, na inayoanguka chini haihesabiwi kuwa kosa. Alhamisi wafanyakazi waje na pajama. Ijumaa nguo zivaliwe ndani nje.

Unajua nilivyolipinga. Nililipinga kwa maandishi, ukurasa mzima kwenye jarida la jumuiya, na nilikuwa na hoja. Nilisema watu waliopita vitani, wakazaa, wakazika, wakajenga nyumba kwa mikono yao, hawapaswi kuvishwa kofia za karatasi na kupigiwa makofi kama watoto wa chekechea. Nilisema jamii iliyoua mizaha yake ya kila siku, hadi jirani hawezi kumcheka jirani bila kuogopa barua ya wakili, inalazimika kuipanga mizaha kwenye kalenda kama chanjo. Wengine walijibu kwa makala. Wewe ulinipigia simu, ukasema, "Mpare, njoo uone kwanza, halafu ushtaki." Sikuja. Kutoka kwangu Campbelltown hadi Seven Hills ni treni ndefu kwa mtu anayekwenda kutazama soksi.

Sasa niseme la mazishi yako, maana ulikuwapo lakini hukuwa katika hali ya kutoa maoni.

Nyumbani tunajua mtani ana kazi msibani. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye. Ndiye anayelala njiani mbele ya jeneza akidai akombolewe, na anayemsema marehemu kwa yale aliyokuwa nayo kweli, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Hiyo si dharau. Ni ruhusa. Mfiwa hajui kama anaruhusiwa kucheka tena, na hawezi kujiruhusu mwenyewe, kwa hiyo anatumwa mtu ambaye kwa ukoo wake hawezi kukasirikiwa. Kwa Wachaga huyo ni Mpare. Kwako huyo nilikuwa mimi.

Nilijiandaa. Nilikuja na gauni lako la kijani kwenye mfuko. Niliposimama tu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yule Mkenya mpole asiyevua tai, alinishika kiwiko. "Dada Nakijwa, tafadhali. Si hapa. Wazungu wanatuangalia." Wazungu wenyewe walikuwa wawili: mwenye gari la maiti, aliyekuwa akitazama saa kwa kuwa familia nyingine ilikuwa inasubiri ukumbi, na meneja wako, aliyekuwa analia. Ningeweza kumshinda yule mwenyekiti kwa hoja. Lakini Upendo alikuwa ameniegemea bega la pili, na binti aliyefiwa na mama yake hashuhudishwi kesi siku hiyo. Nilikaa. Tukakuombea, tukakusifu, tukakufukia kwa wakati. Walikusifu, Manka, mpaka nikawa najiuliza tunamzika nani. Mtu mmoja alisema hukuwahi kumpandishia mtu sauti.

Yaliyofuata yangetabiriwa na bibi yeyote wa kwetu Same. Msiba haukufungwa.

Mumeo aliganda. Sijui neno jingine. Shemeji Aminieli, ambaye kwa miaka yote ilikuwa sipiti mlango wa nyumba yenu Rooty Hill bila kuulizwa nimekuja kumshtaki nani leo, alianza kunikaribisha kwa adabu. "Karibu, shemeji. Keti, shemeji." Adabu ile ilinitisha kuliko kilio. Koti lako lilibaki limening'inia nyuma ya mlango. Chakula alikula amesimama jikoni. Wachaga wenzako walikuja Pasaka kuanua matanga, wagawe nguo, wafagie, waseme maneno yanayosemwa. Akawapa chai, akawashukuru, akawaambia si leo. Walipouliza lini, akasema wataambiwa.

Kisha Upendo akanipigia. Unajua binti yako: unamwuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijitahidi, akasema kwa Kiswahili chake, "Auntie, Baba anauza nyumba." Alikuwa amemkuta mtu wa dalali sebuleni anapima madirisha. Aminieli alikusudia kurudi Kibosho, peke yake, akakae kwenye kihamba, shamba la ukoo wake. Nikamwuliza mwenyewe: akakae na nani? Wewe umezikwa huku. Upendo amebakiza mwaka mmoja amalize uuguzi. Kibosho kuna migomba na kaka zake wasiosemezana. Alinijibu, "Ni kweli, shemeji." Mchaga anamwambia Mpare ni kweli, bila kubisha. Nilirudi nyumbani siku ile nikijua Upendo amefiwa na mmoja na anakaribia kufiwa na wa pili, na huyu wa pili anatembea.

Ndipo Espérance akaniita. "Dada, siku ya Ijumaa tunamukumbuka Mama Manka. Uje na muzee wake. Na juma nzima uje, mimi peke yangu sitaweza." Nikachukua likizo. Usicheke.

Kwa hiyo nimeliona juma lako, na sasa ninashtaki kwa ushahidi. Kofia za karatasi ni mbaya kama nilivyodhani. Muziki unapigwa juu mno. Soksi, sina maoni.

Lakini Jumatano nilikuwa kwenye jiko nikikaanga chapati za maji na Bi Doreen, yule ajuza wa chumba cha pembeni aliyekuwa fundi cherehani, uliyesema ana ulimi kuliko mimi. Nilimweleza msimamo wangu kuhusu utu wa wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuishi mahali ambapo kila anayeingia chumbani kwako anaingia na uso wa daktari. Akasema jana yake meneja alivaa kofia ya kuku, na yeye akamwambia mbele ya watu kwamba imempendeza kwa sababu inafanana na akili zake, na meneja akacheka, na hakuna aliyeandika popote kwamba Bi Doreen leo amekuwa mkali. Mwaka mzima anaongea na meneja kama mgonjwa. Siku ya kofia anaongea naye kama mtu.

Manka, huo ni utani. Huo ni utani mtupu, wa kwetu kabisa, na kwa miaka yote ile uliniacha nipigane na kofia za karatasi wakati ungeweza kuniambia sentensi hiyo moja. Nilikasirika sana. Nilimjibu Bi Doreen kwamba mtu asingojee kalenda ili awe mtu. Akasema katika umri wake anachukua anachopewa. Tulibishana mpaka chapati ikaungua.

Usiku ule nilimwomba Upendo nguo zako za kazi. Akaniuliza za nini. Nikamweleza kazi ya mtani, yote, kwa Kiingereza ili asibaki na kisingizio. Akauliza kama baba yake atakasirika. Nikamwambia hana haki ya kukasirika, na kwamba hilo ndilo la msingi. Akaleta shati lako, na ile sketi ya kitenge, na funguo zako za shingoni.

Ijumaa ukumbi ulijaa watu waliovaa ndani nje, mishono na vibandiko vikitazama watu. Aminieli alikuja na suti nyeusi ya mazishi, kila kifungo mahali pake. Bi Doreen alimtazama, akamwambia kwa upole kwamba katika chumba kizima yeye ndiye aliyekosea kuvaa. Aminieli hakutabasamu. Espérance akapiga makofi yake mawili, akaomba tusimame kimya kwa ajili yako. Mimi nilikuwa kwenye korido, nikachungulia. Nikaona vichwa vimeinama, nikaona mabega ya Aminieli yanapanda kuelekea masikioni, nikaona Januari inarudi.

Nikaingia.

Nilikuja nachechemea goti la kushoto, kama wewe ulivyochechemea ulipotaka watu waone unafanya kazi sana. Funguo zinalia shingoni. Nikawagombeza wazee kwa Kiingereza chako, kwamba wananyamaza kwa nini, nani amekufa. Meneja akaweka mkono mdomoni. Espérance akaangalia sakafu. Nikaenda mezani, nikaonja keki, nikasema haina sukari, na kwamba nilipokuwa hai nisingeruhusu. Nikageukia Kiswahili, nikasema nimerudi mara moja tu, nina haraka, kuna malaika nimemwacha anapima kiwanja na nisiporudi upesi atapunja mpaka. Hapo nikasikia Upendo, nyuma, ameachia sauti fulani ambayo sikujua ni kicheko au kilio.

Aminieli hakusogea. Aligeuka aende zake. Alikuwa anatoka, Manka, na nilijua akitoka pale ameenda mpaka Kibosho.

Nikalala mlangoni. Mwili wangu huu, na umri huu, sakafuni, nikiwa nimevaa nguo za mfu ndani nje. Nikasema jeneza halipiti, mume hapiti, nyumba haiuzwi, mpaka nikombolewe. Nikasema natoka Same na ninaweza kulala hapa mpaka mahakama ifunguliwe. Wazee walinyoosha shingo watazame. Hawakuelewa neno, lakini walielewa kwamba mtu amezibiwa njia.

Alisimama juu yangu muda. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi vizuri. Niliviangalia, maana usoni sikuthubutu.

"Simkomboi Mpare," akasema. "Ukimlipa leo, kesho anakata rufaa."

Kisha akacheka. Ilianzia kifuani, ikakwama, ikatoka kilio, ikarudi kicheko, na akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Upendo akaja akamshika kiuno. Bi Doreen akataka kujua amesema nini, Espérance akamtafsiria, naye akasema ni kweli tupu, mimi ni wa aina hiyo. Aminieli alivua koti la suti, akaligeuza, akalivaa bitana nje. Ndipo akanipa mkono niinuke. Ilibidi Upendo asaidie. Goti langu la kushoto sasa linauma kweli, na hilo nalo nakudai.

Jumamosi Wachaga waliitwa, na mwitaji alikuwa yeye. Wakafagia, wakagawa nguo. Koti lilienda kwa Upendo. Kofia zako zote wamepewa wazee. Mchungaji aliomba sala fupi, ambayo ni muujiza wake wa kwanza. Mwenyekiti wa kamati alikuja pia, akanisalimia kwa uangalifu, na nikamweleza kuhusu Wazungu wanaotuangalia, kwa kirefu, huku ameshika sahani na hana pa kuiweka.

Kuhusu nyumba: dalali ameambiwa angoje. Sikuambii haitauzwa. Julai Aminieli na Upendo wataenda Kibosho pamoja na udongo wa kaburini kwako, waufukie kihambani, kisha warudi wote wawili. Tiketi nimeziona, ni za kwenda na kurudi. Jana nilipita kwao. Alifungua mlango, akanitazama juu hadi chini, akaniuliza nimekuja kumshtaki nani. Nilikaa garini baadaye nikashindwa kuwasha.

Ugomvi wetu nauacha wazi. Bado nasema mzaha unaohitaji tangazo ukutani ni mzaha mgonjwa. Naongeza kifungu kimoja: mgonjwa si maiti, na wewe ulikuwa unamuuguza. Nitaliandika hilo kwenye jarida, kwa jina lako, na sitaomba radhi kwa yaliyotangulia kwa kuwa yalikuwa sahihi.

Ninachokuahidi ni hiki. Watu wana tabia ya kumsafisha marehemu mpaka watu wake wenyewe hawamtambui. Tayari wameanza kukufanya mtakatifu. Mimi sitawaruhusu. Maadamu nina meno, nitakaa kwenye meza ile Rooty Hill nimwambie mumeo na binti yako kwamba ulidanganya umri, kwamba ulikuwa bahili wa chumvi na mkarimu wa maneno, kwamba uliimba alto usiyokuwa nayo, kwamba ulimpandishia sauti kila mtu uliyempenda. Nitalisema hilo la mwisho mara nyingi zaidi, hadi Upendo aweze kulisema mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kulia.

Kwaheri, Mchaga. Lala vibaya kidogo, ili tukujue ni wewe.

Mpare wako,
Nakijwa