Kaka Anataka Niseme Baba Alikuwa Akiroga Nguo

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada na naomba uwahi kunijibu, maana zimebaki siku tano tu nitoe uamuzi.

Mimi ni dobi, mtoto wa dobi. Marehemu baba hakuwa mtu wa kwenda kwenye nyumba yoyote ya ibada, si kwa kiburi, alisema tu kwamba mbele ya watu wengi yeye husahau alichotaka kusema, kwa hiyo alizungumza na Mungu palepale mezani akipiga pasi, kila nguo na ombi la mwenyewe, na mimi na kaka yangu tukitoka shule tulikuwa tunajibanza chini ya ile meza kwa sababu kulikuwa na joto zuri na harufu ya wanga na mkaa, tunamsikiliza huko juu, "Mola, huyu mwalimu kiwiko kimechanika tena, mpe wanafunzi wasikivu," pasi inapita, "na huyu suruali inazidi kumpwaya, sijui anaumwa, sijui ana mawazo, wewe ndiye unayejua," anageuza mguu wa pili, na ikifika zamu ya sare zetu tulikuwa tunazibana midomo tusicheke, maana kwangu alisema, "Huyu mkaidi kama mama yake, mnyooshe kidogo tu, usimmalize," na kwa kaka, "Huyu anaogopa kila kitu, mshike mkono." Nimeolewa, nimezaa, nimeona mengi, lakini raha kama ile ya chini ya meza sijaipata tena, na nikiikumbuka machozi yananitoka hata mbele ya wateja.

Baba alipofariki nilirithi duka, pasi nikabadilisha, sasa natumia ya umeme, ila maneno ni yaleyale, huu mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kujiona mtu asiye na dini. Sasa mwezi uliopita fundi saa wa duka la jirani akaingia kuchukua shati lake bila mimi kumsikia, akanikuta nimeinama juu ya hilohilo shati nasema, "Mola, huyu mkono wa kulia umeliwa kwa kuegemea meza kutwa, tangu mkewe aondoke hana wa kuzungumza naye, mtulize moyo," akalichomoa mikononi mwangu likiwa bado bichi, akafoka, "Kumbe ndiyo unavyotufanya! Unaninuizia nguo?" Kufika jioni mtaa mzima unajua dobi anaongea na nguo za watu, wateja wakaja kuchukua zao hata ambazo hazijafuliwa, mmoja akahesabu vifungo mbele yangu.

Kaka yangu siku hizi ni mtu wa safu ya mbele katika kusanyiko lao la ibada na aibu imemshika, akaja na suluhisho, nisimame mbele yao wiki hii niseme kwamba baba alikuwa na mambo yake ya kuroga nguo, kwamba nilirithishwa bila kujua na sasa nimeyakataa, basi wataniombea na yatakwisha. "Sema tu, dada, sentensi moja. Mzee hayupo, itamuuma wapi?" Nami kusema kweli nimeshawishika, kwa sababu duka liko tupu, na baya zaidi tangu siku ile napiga pasi kimya na siwezi kuomba kabisa, nikijaribu ulimi unakuwa mzito, nahisi kama baba ametoka dukani akaondoka na Mungu wake. Niseme nipate amani, au nifanyeje?

Ni mimi, dobi asiye na wateja.

JIBU

Pole sana, mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimetamani kukaa chini ya meza hiyo. Basi, pole imetosha, sasa nikuseme.

Umefanya kosa, ila si lile unaloambiwa. Kumwombea mtu si uchawi. Lakini ulisoma huzuni ya mwanamume mzima kwenye mkono wa shati lake, ukaitamka kwa sauti dukani, mlango wazi! Hata mimi ningelichukua shati langu bichi nikaondoka. Baba yako alisikiwa na watoto wawili waliokuwa wakicheka. Wewe umesikiwa na mwenye huzuni yake. Mungu hana tatizo la masikio, mama. Funga mdomo, omba moyoni.

Na hapo ndipo ulipojichanganya tena: ulipofunga mdomo ukafunga na moyo, halafu unamlaumu marehemu kwamba ameondoka. Hajaondoka. Una aibu tu, na aibu inatibika.

Leo, si kesho, vuka uende kwa fundi saa. Usijitetee. Mwambie neno kwa neno ulichokuwa unasema, na umwombe radhi kwa kumwanika. Atakasirika, pengine atanyamaza, pengine hatarudi. Kubali. Lakini atakuwa ameusikia ukweli kutoka kwako, na yeye ndiye aliyeanzisha maneno, anaweza pia kuyazima. Ukirudi, washa pasi uanze na nguo yoyote. Ulimi ukiwa mzito, mwambie Mungu moyoni hivyohivyo kwamba ni mzito.

Kaka yako usimtukane. Anakupenda, na anaogopa kunyooshewa kidole, hofu ambayo inaelekea hakuanza nayo jana. Kama unapenda kuabudu na wenzako, nenda, keti karibu naye, imba hadi sauti ikauke, hakuna ubaya. Kama hupendi, baki na meza yako na uache kuona haya.

Ila ile sentensi moja usiiseme. Si mbele yao, si kwa kunong'ona, si kwa ajili ya duka. Ni uongo, na hakuna anayemkaribia Mungu kwa kumsingizia mtu. Wateja watapatikana, na wakikosekana kuna mitaa mingine yenye nguo chafu. Baba yako hawezi kurudi kujitetea. Amebaki na wewe tu.