Kamera Zisizo na Sauti

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na safari hii usizikunje ukazitia mfukoni. Mgawie na yule mwenzako wa kazini mnayemwita Kobe, maana kila barua yako lazima awemo. Sisi huku wazima, ukiondoa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Na wewe je? Kile kikohozi kimekuacha, au mmeshaoana?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu naipokelea kaunta, na kaunta ina masikio. Barua nampa dereva wa lori la saruji. Mtu mzima yule, hafungui cha mtu.

Jambo lenyewe ni kamera. Zamani duka lilikuwa misumari na rangi, nani atakesha aibe misumari? Sasa nauza pampu za maji na mabunda ya waya wa shaba, na shaba kwa wezi ni kama samaki kwa paka. Jirani yangu muuza matairi wamemvunjia mwezi uliopita, wakamwachia kalenda tu ukutani. Kuna mchuuzi kaniletea boksi la kamera nane kwa bei ya kutupa. Ananiambia, "Mzee, hizi zinaona mpaka dhamiri." Nikamwambia, basi anza kuzifunga kwako.

Wewe ndiye fundi wa mambo haya huko uliko. Nichagulie. Ngapi, za namna gani, na ile mashine ya kurekodi ikae wapi. Shemeji yako hataki hata kusikia. Unamjua Bi Mizani, msumari mmoja ukizidi kwenye kilo anaurudisha kwenye debe. "Kamera ya nini? Mimi nimepofuka lini?"

Kaka yako.


11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika na vumbi la saruji juu yake, nikadhani umenitumia mfuko mzima. Kikohozi kimeondoka bila kuaga. Kobe anaitikia salamu. Begi lake la vifaa bado halimbanduki mgongoni, hata chooni anaingia nalo, ndiyo maana jina halimtoki.

Huyo mchuuzi mwambie asante. Kamera za bei ya kutupa utazitupa kweli. Kwanza usianze na idadi. Jiulize unataka kuona nini. Mlangoni unataka uso, kwa hiyo kamera ikae usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Ukiipandisha darini utarekodi kofia mwaka mzima. Kaunta unataka mikono, nani katoa nini na kapokea nini, hiyo tutaielekeza chini, kwenye mizani. Stoo moja. Uani moja, inayoona gizani. Nne zinatosha. Zenye sauti achana nazo, ni gharama ya bure. Mwizi hajitambulishi.

Rekoda nunua ya njia nane, yaani inayopokea kamera nane, ingawa zetu ni nne, maana duka linakua na wewe hupendi kununua kitu mara mbili. Diski iwe kubwa, ishike mwezi mzima kabla haijaanza kufuta za zamani. Na betri ya akiba, kwa sababu mwizi wa siku hizi anaanza na umeme.

Lakini kubwa kuliko yote ni pa kuificha hiyo rekoda. Watu wananunua kamera za maana, halafu rekoda wanaiweka chini ya kaunta na kitambaa juu. Mwizi anaibeba, na ushahidi wenu wote uko kwapani mwake. Hapa nina rekoda mbovu ambayo taa zake bado zinawaka. Hiyo tutaiweka kaunta, waichukue wafurahi. Ya kweli tutaitia ndani ya boksi tupu la pampu, rafu ya juu kabisa stoo, katikati ya maboksi mengine, tulitoboe nyuma ipumue. Nitakuja kufunga mwenyewe siku duka limefungwa. Tutajua watu watatu: wewe, mimi na shemeji. Siku ikijulikana ilipo, jua mmoja wa watatu kasema.

Mwambie Bi Mizani kamera haiji kumpokonya kazi.

Mdogo wako.


21 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Tangu ulipoondoka goti limetulia, nadhani liliogopa ile ngazi yako. Kazi uliyofanya ni ya kiume. Kila jioni najitazama nikifunga hesabu. Kwa nini hukuniambia kwamba nyuma ya kichwa pameshakuwa uwanja wa ndege?

Shemeji yako bado anazinunia kamera. Akipita chini ya kamera ya kaunta anaiamkia, "Hujambo bwana jicho," halafu anaendelea na kazi. Juzi kaniuliza swali. Akasema, "Sisi tunajiona. Sawa. Na mwingine anayetuona ni nani?" Nikamwambia hakuna, labda Mungu. Akasema, "Mungu simwogopi, tumezoeana." Hebu wewe nijibu vizuri nimtulize.

Na hili nalo, labda ni uzee tu. Wiki iliyopita kaingia mteja nisiyemjua, kofia usoni, akaniuliza bei ya yale mabunda manene ya shaba. Nikampa bei, akaenda zake. Nimekaa dakika kadhaa ndipo nikashtuka. Yale mabunda sijayatoa stoo. Hakuna mteja aliyewahi kuyaona.

Kaka yako.


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zimenizonga, usishangae ufupi.

Mwambie shemeji awe na amani. Hakuna anayewaona ila ninyi wenyewe. Huyo mteja pengine aliona lori likishusha. Watu wana macho.

Mdogo wako.


26 Mei

Mdogo wangu,

Sina hali ya kuulizia afya. Tu hai.

Wameingia usiku wa kuamkia Alhamisi. Mlinzi wetu wa usiku walimfunga kamba na kumtia gunia kichwani, anaendelea vizuri lakini hataki tena kukaa mahali penye giza. Shaba yote wamebeba. Pampu tisa. Hayo yatanunulika.

Sasa sikiliza. Ile rekoda mbovu pale kaunta hawakuigusa. Taa zake zinawaka mpaka sasa hivi. Stoo kuna maboksi ya pampu ukutani mpaka juu, mengi yanafanana kama mapacha. Hawakupekua. Hakuna boksi lililosogezwa. Wamepanda rafu, wamechukua moja tu, lile lenye tundu nyuma, wakashuka.

Wewe ulisema watu watatu. Mimi sikusema kwa mtu. Wewe ni damu yangu. Nahesabu tena na tena, na kila nikihesabu anabaki mmoja.

Kumbe ndiyo maana hakuzitaka tangu mwanzo. Kumbe ndiyo maana anauliza nani anaona. Nimelala naye miaka ishirini na mitano, mdogo wangu, na sasa nikisikia anageuka kitandani nakaa macho.

Nimeita kikao na ndugu zake, Jumapili tarehe 9. Njoo. Nataka usimame kama fundi uwaambie kwa kinywa chako kwamba mahali pale palijulikana na watatu tu. Usinitupe.

Kaka yako.


10 Juni

Mdogo wangu,

Natumai hujaugua, maana simu yako haipatikani na kiti chako kilikaa kitupu toka mwanzo mpaka mwisho.

Hata hivyo umesaidia. Nilitoa barua yako ya Machi nikawasomea pale penye "mmoja wa watatu kasema". Kaka zake waliinamisha vichwa. Watakuja kumchukua mwisho wa wiki.

Yeye hakulia. Hakujitetea hata. Alisema neno moja tu, "Muulize mdogo wako." Nikamwambia mbele ya watu wote, mdogo wangu usimwingize kwenye uchafu wako.

Niandikie basi.

Kaka yako.


14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Najua hutaiitikia ukimaliza kusoma, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Bi Mizani hakusema. Nimesema mimi. Mzuie asiende. Ukishasoma mstari huu, weka karatasi chini, nenda ukamzuie, ndipo urudi umalizie.

Siku ile nilipofunga kamera, neno la siri la rekoda nilikupa wewe, na mimi nikabaki nalo. Nikaiunganisha na simu yangu. Nilijiambia ni kwa ajili ya matengenezo. Uongo. Kaka, nakaa peke yangu chumba kimoja tangu mke wangu aondoke, hilo unalijua, ila hujui chakula cha jioni cha mtu mmoja kinavyoshuka. Nikawa naegemeza simu kwenye chupa ya maji, nakula nikiwatazama mnafunga duka. Wewe unapiga miayo. Shemeji anafuta mizani. Nikaona kama nami nipo. Mlipozima taa nilikuwa naosha sahani.

Siku moja kazini Kobe akachungulia. "Huyo nani?" Nikamwambia kaka yangu huyo, na duka lake hilo. Ningenyamaza hapo. Lakini ulimi nao una njaa yake. Akacheka, akasema, "Duka zuri, lakini rekoda bila shaka wameiweka chini ya kaunta kama wajinga wote." Nikaona kaniita mimi mjinga. Nikamwambia ile ya kaunta ni chambo, nikamwonyesha na lile boksi kwa kidole. Akanisifu. "Wewe ni mwalimu wa mafundi." Nilitembea na sifa ile wiki nzima, kaka, kama mtoto mwenye viatu vipya.

Ulipoandika habari ya mteja mwenye kofia, nilimfikiria Kobe. Nikalitupa wazo hilo. Nikakuandikia kwamba hakuna anayewaona.

Usiku ule simu ilitetema, kamera ya stoo imeona mtu. Nikafungua. Nikamwona anapanda rafu. Uso kaufunika, lakini begi lilikuwa mgongoni. Nilibonyeza kurekodi, mkono ulibonyeza wenyewe kwa mazoea ya kazi. Namba yako ilikuwa pale pale. Ningepiga, ungeamka, mlinzi angesaidiwa, wangekamatwa na shaba mabegani. Sikupiga. Kwa sababu ungeniuliza swali moja tu: umeonaje? Basi nikakaa kitandani nikitazama mali ya kaka yangu inatoka, mpaka alipofika kwenye boksi na picha ikakatika.

Ijumaa asubuhi Kobe alikuja kazini kama kawaida, na maandazi. Kanimegea. Akaninong'oneza, "Neno la siri ni lako, bwana. Nani atakuelewa?" Nikala lile andazi.

Barua yako ya kikao niliisoma nikaizima simu. Nilipanda basi Jumamosi, nikashuka njiani, nikarudi. Sina la kujitetea. Nimejiita mwoga kwa majina yote ninayoyajua, yameisha.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya kumbukumbu ya simu yangu, picha zote zimo. Nyingine kama hiyo nampelekea polisi wa huku leo hii, nikitoka kumpa dereva barua hii. Wakinifunga na wanifunge. Wewe mwombe shemeji radhi kwa niaba yangu mpaka nipate uso wa kuja nao. Mwambie alikuwa na haki ya kuuliza.

Mdogo wako.


30 Juni

Barua yako imefika. Kadi nimeitazama. Nimemwona mwenzako na begi lake. Polisi wa huku nao wameona.

Uliandika nimzuie. Lori lilikwama njiani, daraja lilikatika. Alishaondoka.

Aliondoka asubuhi ile ile uliyokuwa unaniandikia. Hakungoja kaka zake waje. Kwao hajafika. Kwa dada yake hajafika. Hospitali nimekwenda, na chumba cha maiti, ambako mtu haendi mpaka aishiwe na pa kutafuta, nimekwenda pia. Hakuna aliyemwona akipanda gari lolote.

Aliyemwona ni rekoda. Mashine ni nyingine, nilinunua baada ya wizi, lakini kamera ni zile ulizochagua wewe. Alifagia duka. Akapima misumari, kilo moja, hakukuwa na mteja. Mmoja ulizidi, akaurudisha kwenye debe. Akaufunga ule mfuko akauacha juu ya mizani. Upo pale pale, sijaugusa. Kisha akasimama chini ya kamera ya kaunta, akasema.

Hakuiamkia kama siku zote. Alisema muda mrefu, anatulia kidogo, anaendelea. Nimeitazama mpaka macho yamevimba. Nilimleta mwalimu wa watoto viziwi, anayejua kusoma midomo, akaketi hapa mchana mzima. Akaniambia, mzee, hii kamera imeelekezwa mikono. Midomo haisomeki.

Mikono yake naiona vizuri sana. Ni mitupu. Hakubeba kitu.

Polisi watakapomalizana na wewe huko, njoo. Pita mlango wa mbele. Nitakupa kiti hapa kaunta, mbele ya picha hii, utazame. Wewe ndiye uliyekuwa unatutazama kila jioni, labda utaelewa alichosema. Mimi nadhani hakuwa anasema na mimi.

Mwenye duka.