Uji wa Kijani

Jumatatu, 6 Mei 1996. Kakuma

Uji umeungua tena. Mpishi wetu, Mama Esekon, anasema kuni ni mbichi. Kuni mbichi, Kakuma hii! Nilicheka, nikanywa.

Vikombe vipya vimefika: nusu vyekundu, nusu vya kijani. Kila mtoto nimempa chake, asikishike mwingine, maana kikohozi kinazunguka. Nyandeng, Mdinka wa kambi ya wakimbizi, na rafiki yake Akiru, Mturkana wa hapa mjini, wamepata vyekundu. Ekai, kaka yake Akiru, kijani. Niliita, "Wekundu, njooni!" Wakaja. Nikaita wa kijani. Hakuna aliyekanyagwa. Nimejipongeza.

Jumanne, 7 Mei

Sasa naita kwa rangi kila kitu. Kunawa mikono. Kuimba. Kulala. Mambo safi.

Wazazi wa mjini na wa kambini walikubali shingo upande watoto wasome nasari moja muhula huu, tuone. Wakipigana, kila upande unachukua wake na darasa langu limekwisha. Hofu hiyo huwa naamka nayo. Leo sikuamka nayo. Mkekani wameketi Mturkana, Mdinka, Mturkana, Mdinka, kila mtu na rangi yake. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 9 Mei

Wekundu wanasema uji wa kijani unanuka. Sufuria ni moja! Niliwaonyesha na upawa. Nyandeng akaonja uji wa kijani, akakunja uso, akatema. Wa kijani nao wanasema wekundu ni wezi. Wameiba nini? Hakuna ajuaye.

Kisha Ekai akataka kukaa karibu na dadake. Akiru akamsukuma. "Toka. Wewe emoit."

Emoit ni adui, mtu wa nje. Ndivyo sisi Waturkana tunavyowaita wale tunaopigana nao. Nimelisubiri neno hilo tangu darasa lifunguliwe, masikio wima, nikidhani ataitwa Nyandeng. Kumbe anaitwa kaka wa tumbo moja, na Nyandeng ameketi pale pale akitikisa kichwa kukubali. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baadaye sikucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya. Ekai alitia mchanga kwenye kikombe cha Nyandeng. Akiru akamrushia kaka yake jiwe. Damu juu ya jicho.

Mama yao alikuja mbio kutoka kwenye makaa anayouza sokoni. Akamwona mtoto, akamgeukia Nyandeng moja kwa moja. Maskini, alijificha nyuma ya sketi yangu.

"Si yeye. Ni mimi," Akiru akasema, macho makavu. "Ekai ni wa kijani."

Mama akanitazama mimi.

Jicho ni zima, Mungu ashukuriwe. Kikao cha wazazi ni Jumatatu. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia ila mimi. Nani aliwagawa?

Jumamosi, 11 Mei. Lodwar

Lori la mbuzi hadi nyumbani. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kaka yangu Lokol amepata mtoto wa kiume, mbuzi amechinjwa. Wanaume wa Kiturkana ni pande mbili, Mawe na Chui. Baba ni Jiwe, akaketi na wazee wa Mawe. Lokol ni Chui, akaketi kule na Chui wenzake. Kwetu mtoto wa kiume huzaliwa upande usio wa babake, kwa hiyo kichanga ni Jiwe kama babu. Nimeyaona haya tangu utoto bila kuyawazia. Mawe wanasema Chui hawajui kukata nyama. Chui wanasema Mawe hawana meno ya kuitafuna. Sisi wanawake tunawacheka wote.

Leo nimetazama vizuri. Hakuna boma lenye upande mmoja tu. Ukimtukana Chui, umemtukana mwanao. Ndiyo maana mzaha wao hauchomi. Mimi watoto niliwapa rangi ya kudumu, nikawaita kwayo kutwa nzima.

Nimeshiba. Nadhani najua la kufanya.

Jumatatu, 13 Mei. Kakuma

Niliwaambia wazazi wazi: rangi ni zangu, kosa ni langu. Babake Ekai alicheka hadi akakohoa. "Kumbe ni wewe, mwalimu, ulileta vita?"

Mama Nyandeng hakucheka. "Mtoto yangu anakataa gauni ya kijani. Na gauni iko hiyo moja tu." Hapo tukaangua kicheko sote, naye akashindwa kujizuia. Mama Ekai peke yake alinuna. Ana haki. Wamenipa wiki hii.

Kuanzia kesho vikombe vitachemshwa, vitaingia kwenye beseni, kitambaa juu. Mtoto anapeleka mkono bila kuona. Alichotoa ni chake kwa siku hiyo tu. Na nitaita kwa majina.

Jumanne, 14 Mei

Vilio. Akiru alitoa kijani, akakishika kwa vidole viwili, hakunywa. Nyandeng, mwekundu, akamtazama rafiki yake, akatazama kikombe, asijue la kufanya. Niliwahurumia. Ekai alipata chekundu, akavimba kwa majivuno.

Majina yanachelewesha. Wanakanyagana tena. Na wakanyagane.

Ijumaa, 17 Mei

Upepo asubuhi, kisha shwari. Uji haukuungua.

Mama Ekai alikuja wakati wa uji. "Ejok," akanisalimia. Alisimama mlangoni na gunia la makaa, akitazama. Nilijua amekuja kuamua kama atawaondoa watoto wake.

Akamuuliza bintiye, "Wewe ni wa rangi gani?"

Akiru aliinua kikombe akakitazama. "Leo?"

Ekai, na kovu lake, akamwomba dadake uji wake uliobaki. Akampa. Nyandeng alikuwa katikati yao, akaupitisha.

Mama yao alijitwika gunia, akaenda sokoni. Watoto akawaacha.