Kasyoka Alivyotutembeza Hekaluni

Ploti ya Ng'ang'a,
Kawangware 56,
Nairobi.
Jumapili, 15 Februari 2026

Mpendwa Muia, ndugu yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zetu nyingi, zenye vumbi la Februari. Hali yako? Ule mgongo umepata nafuu, ama bado unabeba magodoro ya hoteli peke yako kama punda? Nasikia huko Doha bado kuna ubaridi kidogo. Hapa jua linatuchoma mpaka wateja wangu wa saluni hawataki kusikia habari ya draya. Lakini sisi ni wazima. Presha ya Mama imetulia, na siku hizi anakula kuliko mimi.

Najua hutaki salamu. Unataka kujua kama mdogo wetu Kasyoka anakuja huko kufanya ile kazi uliyomtafutia, maana bosi wako anangoja jina kabla mwezi haujaisha. Ulipopiga simu Ijumaa nilikuzungusha, unisamehe. Kasyoka alitukataza kusema. Alitaka uyasome yote kwa utulivu, si kwenye simu ya kukatika-katika. Jirani yetu Wakoli anarudi huko Jumanne, ndiye atakayekuletea barua hii. Usiruke kwenda mwisho. Nakujua wewe.

Unakumbuka tulivyopatana. Kwenye mtihani wake wa kwanza wa kutembeza watalii, Kasyoka alisimama mbele ya watu kule makumbusho akawa bubu. Chuo kikampa nafasi ya pili, na ya mwisho. Mwenyewe akasema akishindwa tena atafunga mizigo aje kwako asafishe vyumba. Hakusema kwa furaha, Muia. Nilimsikia akilia bafuni na mfereji umefunguliwa ili tusisikie.

Mara hii alichagua hekalu moja la Wahindi upande wa Parklands. Alikuwa ameenda huko akauliza maswali mpaka wazee wa pale wakamzoea. Shida ikawa watalii. Kila mwanafunzi anajiletea kundi lake, na vijana wa kanisani waliokuwa wameahidi kwenda walijitoa wote waliposikia ni hekalu. Basi Alhamisi nikafunga saluni nikawa mtalii. Becky wa chipsi naye akawa mtalii. Landilodi wetu, Mzee Ng'ang'a, alijialika mwenyewe. Alikuja na suti, miwani ya jua na kamera isiyo na betri, eti mtalii lazima aonekane.

Na Mama? Mama alikuwa ameapa kwamba shemasi mzima kama yeye haingii kwenye nyumba ya sanamu. Asubuhi tukamkuta amekaa kitandani, amevaa, mkoba uko mapajani. Akasema ataenda, lakini hatafungua mdomo.

Mkaguzi wa chuo, Bwana Obiero, alitungoja langoni na faili lake. Alituambia tuko huru kuuliza chochote, ila mtu asithubutu kumsaidia Kasyoka kujibu.

Muia, lile jengo ni zuri! Mawe yote yamechongwa, tausi, ndovu, maua, wacheza ngoma, huoni mahali palipoachwa wazi. Mama ni binti wa wachongaji wa Wamunyu, na damu haikumruhusu kupita tu. Alipapasa nguzo moja kutoka chini hadi pale mkono wake ulipofika, kisha akakumbuka kiapo chake akaurudisha mkono kwenye mkoba. Kasyoka alikuwa anaeleza vizuri, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo na macho yalikuwa chini.

Kisha tukafika mahali pa kuvua viatu. Sasa wewe mwambie mtu wa Kawangware aache viatu vyake nje aende zake! Mzee Ng'ang'a alikataa katakata. "Hizi viatu ni mpya," akasema. "Nikiziacha hapa, kesho nitazinunua tena sokoni Gikomba." Akavificha ndani ya koti. Tulipofika katikati ya ua kimoja kikaponyoka, kikaanguka pu! kwenye marumaru, na kila mtu akageuka. Ilibidi turudi naye, tungoje avipange, avitazame, aviage. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko.

Lakini viatu hivyo karibu vituharibie kila kitu. Tulipoingia ndani ilikuwa imefika adhuhuri. Kasyoka aliinua tu mkono kutuonyesha sanamu za miungu yao, ambazo ndizo alizoziandalia maelezo wiki nzima, na pazia likavutwa mbele yetu. Mkono wake ulibaki hewani. Niliona midomo yake inacheza bila sauti, kama kule makumbusho. Bwana Obiero akafungua kalamu. Nikajua tumekwisha.

"Mbona wanafunga na sisi ndio tumefika?"

Alikuwa Mama. Tena kwa ile sauti yake ya kudai chenji sokoni.

"Wamelala, Mama," Kasyoka akajibu polepole.

"Nani amelala?"

"Miungu. Wameshapewa chakula cha mchana, sasa wanapumzishwa mpaka jioni."

"Ati wamelala? Mimi tangu niolewe sijawahi lala mchana hata siku moja!"

Becky alijiziba mdomo na leso. Mimi nilitaka kujificha, maana bibi mmoja wa Kihindi alikuwa amekaa karibu nasi, na nilidhani tumemkosea. Kumbe alikuwa anatikisika kwa kicheko. "Hata mimi, mama," akasema. "Hata mimi!"

Hapo Kasyoka naye akacheka, na kile kilichokuwa kimemkaba kikamtoka. Akamgeukia Mama, akamsahau Obiero na faili lake. "Mama, unakumbuka vile ulikuwa unamuuguza Susu? Unampea uji, unamfunika, halafu unavuta pazia jua lisimpige machoni. Hukuwa unafanya hivyo juu ni sheria. Ulikuwa unampenda. Hawa nao wanaona Mungu ni mtu wa nyumbani, wa kutunzwa."

Unajua Mama alivyomlea Susu, yule mama mkwe wake, mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa hilo. Alifuta macho, kisha akauliza nani huwapikia, nani huwaamsha, huwavisha nini. Kasyoka akajibu yote. Becky akauliza, Mzee Ng'ang'a akauliza kuhusu gharama ya marumaru, na Kasyoka akaongea akiwa amesimama wima kama mtu aliyezaliwa afanye kazi hiyo. Nilijivuna mpaka nikasahau kwamba mimi ni mtalii.

Tulipotoka tulipewa vitamu vilivyotolewa kwa miungu yao. Mzee Ng'ang'a alichukua mara mbili. Mama alikataa kwa shukrani, akasema imani yake haimruhusu, na yule bibi akamshika mkono wakaagana kwa upendo.

Langoni Bwana Obiero alimwomba Mama, kama mgeni, atoe maoni kuhusu aliyetutembeza. Mama akasema, "Huyu nimemzaa mimi. Miaka yote nilidhani ni mtoto wa kunyamaza. Kumbe ni sisi hatukuwa tunamuuliza kitu."

Obiero akafunga faili. "Amepita," akasema. "Na amepita vizuri."

Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kutazama. Sijawahi kuona Kasyoka akiruka vile tangu tulipokuwa watoto. Kwa hivyo ile nafasi mpe mtu mwingine, Muia. Kasyoka anakushukuru sana na anakuomba usimkasirikie.

Becky na Mzee Ng'ang'a wanakusalimu. Shangazi Katunge anauliza kama umeoa kimyakimya. Wape salamu zetu wote unaoishi nao, na Mungu akutangulie kazini na akufunike ukilala.

Mama ameketi hapa kando yangu. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema niandike hivi, nisiongeze wala nisipunguze: "Mmoja huko anatosha. Na huyo mmoja pia arudi nyumbani."

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Kathini